Jina la jarida la wanafunzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wahariri wapya wa Dodoma

Kila vyuo vinapofunguliwa, hunijia vijana watatu au wanne na daftari lenye orodha ya majina. Wengine wanasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, wengine St John's kule Kikuyu, wengine Chuo cha Mipango. Wote wanataka kuanzisha jarida la kitaaluma litakaloendeshwa na wanafunzi wenyewe, na wote wamekwama mahali pamoja: jina. Nimewahi kuwa mhariri wa jarida la aina hiyo, na tangu nihitimu nimekuwa nikiwasaidia wanaoanzisha mengine. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza zaidi, na majibu ninayowapa.

Tumepata wazo wiki hii. Tuanze na jina?

Hapana. Andikeni kwanza sentensi moja: jarida linachapisha nini, la nani, kwa lugha gani. Kisha tafuteni makala tatu za kweli ambazo mngeziweka kwenye toleo la kwanza. Kundi moja lililonijia lilikuwa limechagua jina lenye neno "Sayansi". Walipokusanya makala, mbili kati ya tatu zilihusu historia ya Kongwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa baada ya miaka michache. Jina zuri, jarida jingine kabisa.

Tupige kura kwenye grupu la WhatsApp?

Kura ije mwisho, majina yakiwa yamebaki mawili au matatu na yote yamekwisha kuchunguzwa. Mkianza na kura, jina linaloshinda ni la mtu mwenye marafiki wengi, au lile lililotajwa kwanza. Watu watano wakae, waandike, wachunguze. Hakikisheni angalau mmoja wao ni wa mwaka wa kwanza, maana ndiye atakayebaki na jarida ninyi mkishavaa majoho na kuondoka. Mwanafunzi anakaa chuoni miaka mitatu au minne, jarida mnataka likae thelathini. Mimi jina nalipima kwa jambo hilo kabla ya mengine yote: je, kijana ambaye leo yuko darasa la tano kule Mpwapwa, akilirithi, litamfaa bila kulazimika kulieleza?

Jina liwe la Kiswahili au la Kiingereza?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Hofu yake naielewa: tunafundishwa kwa Kiingereza, insha zetu ni za Kiingereza, na wengi wanaamini jina la Kiswahili litafanya msomaji wa nje apite bila kugeuka. Sikubaliani na hofu hiyo, na historia ya vyuo vyetu inaniunga mkono.

Tazameni majarida ya wanafunzi na ya idara za fasihi Afrika Mashariki miaka ya 1960. Makerere walikuwa na *Penpoint*, lililoanza 1958. Nairobi kulikuwa na *Nexus*. Dar es Salaam wakaanzisha *Darlite* mwaka 1966. Miaka michache tu baadaye, Nairobi wakawa na *Busara*, Dar es Salaam wakawa na *Umma*, Makerere pakatokea *Dhana*. Vyuo vitatu katika nchi tatu vilielekea upande mmoja, ingawa ndani ya kurasa Kiingereza kiliendelea kutumika. Hakuna aliyeacha kusoma *Busara* kwa sababu ya jina lake.

Majarida ya taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo yanafundisha. *Mulika* ni kitenzi kitupu, amri ya neno moja. *Kioo cha Lugha* ni sitiari ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaielewa. Na lile linaloitwa *Kiswahili* lilianza 1930 kama taarifa za kamati ya lugha ya wakati wa ukoloni, likapita majina kadhaa marefu, likaitwa *Swahili*, kisha kuanzia 1970 likawa *Kiswahili*. Safari yote hiyo iliishia kwenye jina ambalo lugha hujiita yenyewe.

Ninachopendekeza kwa kawaida ni jina kuu fupi la Kiswahili na maelezo chini yake, kwa lugha ya makala zenu: *Kihenge*, kisha mstari mdogo unaosema ni jarida la wanafunzi wa uchumi na mipango. Kihenge kila mtu wa mikoa ya kati anakijua. Kinatunza mavuno, kinajazwa kidogokidogo, na wakati wa njaa ndiko watu wanakokimbilia. Jina kama hilo halihitaji kueleza kitu kwa mtu wa hapa, na mgeni akieleweshwa mara moja halisahau.

Mkiamua Kiingereza, sawa, ila kiwe Kiingereza kinachosema kitu. Msilibebeshe jina maneno mawili kwa lugha mbili yakiwa na uzito sawa juu ya jalada. Mtanukuliwa kwa majina mawili tofauti na hamtajikusanya tena.

Vipi majina ya mwanga: Nuru, Mwenge, Kurunzi, Taa?

Yamechoka. Sina neno baya juu ya mwanga, lakini kila kikundi kinachonijia kina moja kati ya hayo manne juu ya orodha. Tafuteni kitu mnachokiona mkifungua dirisha.

Tunataka jina la Kigogo, tuko ardhi ya Wagogo. Inafaa?

Inafaa sana, na ningependa kuona mengi zaidi. Jina la mji wenyewe ni la Kigogo. Inasimuliwa kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito, akazama matopeni, watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Ni jina lenye kisa ndani yake, ndiyo maana halikufutika.

Lakini kuna kazi tatu za kufanya kabla hamjaliandika. Ya kwanza, nendeni kwa wazee. Msimuulize Mgogo mmoja wa darasani kwenu aliyekulia Dar es Salaam. Nendeni kwa mama anayeuza karanga na bibi aliyempa jina mjukuu wake, waulizeni neno hilo linatumika lini, na kama lina maana nyingine isiyotajwa mbele ya wakwe. Kikundi kimoja kilipenda *Mbukwenyi*, salamu ya Kigogo. Niliwaambia ni jina la kupendeza, linakaribisha, na kila abiria aliyeshuka stendi ya Dodoma amelisikia. Wakaenda kuuliza hata hivyo, na wazee wakawafurahia kwa sababu tu wamekuja kuuliza.

Ya pili, tahajia. Wengine huandika Cigogo, wengine Chigogo, na tofauti hiyo itawafuata kwenye kila neno lenye sauti hiyo. Chagueni moja, muiandike kwenye kanuni za jarida, msiibadilishe.

Ya tatu ni alama ya king'ong'o. Angalieni kata wanakopanga wanafunzi wengi: Ng'hong'honha. Ni jina lenye alama mbili juu ya mstari, na nimeliona limeandikwa kwa namna nne au tano kwenye mabango ya mtaa huohuo, mengine yakiacha alama, mengine yakiacha herufi h. Kompyuta nazo hufanya hivyohivyo: mfumo mmoja unaandika alama iliyonyooka, mwingine iliyopinda, wa tatu unaifuta. Mtu akitafuta jina lenu hatalipata, na makala zilizomo hazitapatikana. Kwa hiyo neno lenye ng' nawashauri mlikwepe kwenye jina kuu. Inaniuma kusema hivyo, kwa kuwa sauti hiyo ndiyo utamu wenyewe wa lugha za huku.

Kumbukeni pia kwamba darasani kwenu kuna Msukuma, Mhaya, Mrangi, Mmakonde. Jina la Kigogo linaheshimu mahali, ila liwe neno ambalo hao wengine wanaweza kulitamka na kulionea fahari.

Tembe, Mbuyu, Zeze. Tunachaguaje kati ya majina ya vitu?

Fungueni kamusi kwanza, kisha mfungue masikio. Tembe ni nyumba ya asili ya huku, ya udongo na paa bapa, na kwa wanafunzi wa mipango miji ni jina zuri mno. Kamusi itawaambia vilevile kwamba tembe ni kuku jike aliyekua na hajaanza kutaga. Je, linawasumbua? Mimi halinisumbui, lakini mlijue kabla mtu hajawaambia siku ya uzinduzi.

Mbuyu ni mgumu zaidi. Mti wenyewe ndio sura ya Dodoma, umesimama kiangazi chote bila jani na bado unawapa watoto ubuyu. Tatizo ni kwamba kwetu "kuzunguka mbuyu" ni kutoa rushwa. Kwa jarida la botania, halina shida yoyote. Kwa jarida la sheria au la utawala wa umma, mtakuwa mmewapa watu kichwa cha habari bure.

Zeze ni ala ya Wagogo iliyosikika duniani kupitia mikono ya Hukwe Zawose, aliyefariki 2003. Ni neno fupi, halina alama, linatamkika na kila mtu. Kwa jarida la sanaa na utamaduni nisingetafuta jingine. Kwa wanaosoma akiolojia kuna *Kolo*, kijiji cha Kondoa kilicho jirani na michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ingawa hapo ningewaomba mwende kwanza mkaone michoro yenyewe.

Tuweke neno "Dodoma"? Na jina la chuo?

Dodoma, ndiyo, kama makala zenu zinahusu huku au mnataka kujitofautisha na jarida la jina hilohilo mahali pengine. Hadhi ya mji, hapana. Serikali iliamua 1973 kuhamishia makao makuu hapa. Dodoma ikawa manispaa, na 26 Aprili 2018 ikatangazwa jiji. Jarida lililojiita la "Manispaa" lingekuwa limepitwa na wakati siku hiyo kabla ya chakula cha mchana. Hata nchi hubadilika jina: *Tanganyika Notes and Records*, lililoanza 1936, lilibidi liwe *Tanzania Notes and Records* baada ya Muungano.

Jina la chuo ni mali ya chuo. Msiliweke bila barua ya ruhusa. Na jina la idara msiliweke kabisa, kwa sababu nitakazoeleza kwenye swali la ISSN, namba ya utambulisho wa majarida.

Jina linaweza kutuletea matatizo na wakubwa?

Linaweza, na mfano uko hapahapa nchini. Novemba 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam walianza kutoa jarida liitwalo *Cheche*. Mwanahistoria Walter Rodney aliliandikia, na mwaka 1970 ndimo ilimochapishwa kazi ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya. Novemba 1970 likapigwa marufuku. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni jina lenyewe: liliegemea *Iskra*, gazeti la Lenin, ambalo nalo maana yake ni cheche, kwa hiyo lingetoa picha kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya ule wake. Lililofuata liliitwa *MajiMaji*, jina la vita vya 1905 hadi 1907, ambalo hakuna aliyeweza kusema limetoka ugenini.

Sisemi muwe waoga. Wale vijana walijua walichokichagua, na jina lao tunalitaja hadi leo. Nasema mjue neno lenu lilikotoka na nani amelibeba kabla yenu, ili mkiulizwa muwe na jibu.

Pia, kabla hamjachapa nakala za karatasi, muulizeni mwanasheria wa chuo kuhusu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo inataka machapisho yawe na leseni. Chuo kitawaambia kama jarida lenu linaingia humo na nani wa kuomba.

Kifupisho kina umuhimu gani?

Mkubwa, kwa sababu Watanzania tunafupisha kila kitu. Jina likizidi maneno matatu, wiki ya pili litakuwa limefupishwa iwe mmetaka au hamkutaka. Andikeni herufi za mwanzo na mzisome kwa sauti. Nilishaletewa "Jarida la Uchumi na Haki za Ardhi". Jina la heshima, mada muhimu, mkoa huu una migogoro ya ardhi ya kutosha kujaza matoleo kumi. Sasa chukueni herufi kubwa: J, U, H, A. Dada aliyekuwa ameliandika alinyamaza, akachukua kalamu, akaanza na neno "Ardhi" badala ya "Jarida". Dakika tano baadaye walikuwa na jina fupi kuliko la kwanza: *Ardhi na Haki*.

Tuongeze "la Kimataifa"?

Hapana. Ndilo neno linalopendwa na majarida ya kitapeli yanayotoza pesa bila kupitia makala. Wahadhiri wakiliona juu ya jarida la wanafunzi wanashtuka.

Na neno "wanafunzi"?

Liwe kwenye mstari wa maelezo. *Harvard Law Review* linahaririwa na wanafunzi tangu 1887 na jina lake halisemi hivyo, lakini lile limeshajulikana. Ninyi bado, na msomaji ana haki ya kujua. Wala si neno la kuonea aibu.

Tutajuaje kwamba jina halijachukuliwa?

Litafuteni kwenye tovuti ya ISSN, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia, kisha kwenye AJOL, ambako majarida mengi ya Afrika yamewekwa, kisha Google Scholar. Tafuteni kwa tahajia zote mnazoweza kuzifikiria. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nako mkaangalie, kwa kuwa jina linaweza kuwa alama ya biashara ya mtu. Mkikuta gazeti la kanisa la miaka ya 1950 lenye jina hilo ambalo halitoki tena, si lazima mliache. Mkikuta jarida hai la fani yenu, liacheni hata kama liko Kenya.

ISSN ni nini, na inahusiana vipi na jina?

Ni namba ya utambulisho wa chapisho linalotoka mfululizo: tarakimu nane, nne kwa nne na kistari katikati, ya mwisho wakati mwingine ikiwa X. Mtandao wake unaratibiwa kutoka Paris. Tarakimu zenyewe hazina maana ya siri na haziwapi umiliki wa jina. Kinachowahusu ninyi ni kwamba namba imefungwa kwenye jina. Kila namba ina jina rasmi moja, na kama jina lenu linafanana na la wengine, wao huongeza kitu cha kutofautisha, mara nyingi mahali, mfano *Zeze (Dodoma)*. Toleo la karatasi na la mtandaoni hupata namba tofauti. Mkibadilisha mchapishaji tu, namba inabaki. Mkibadilisha jina kwa kiasi kikubwa, hasa maneno matano ya mwanzo, mnahitaji namba mpya, na kwa wakutubi hilo sasa ni jarida jingine.

Nalisema hili nikiwa nimeumia. Jarida letu la kwanza tuliliita kwa jina la idara pamoja na la kitivo, maneno manane kwa jumla. Toleo la pili likiwa steshenari, idara ikaunganishwa na nyingine na kitivo kikageuka ndaki. Majalada 150 yalikuwa yamekwisha chapwa, wino haujakauka vizuri. Tulinunua stika nyeupe, tukaandika jina jipya, tukakaa usiku kucha kwenye chumba cha mwenzetu tukibandika moja moja, huku upepo ukipuliza vumbi kupitia dirisha lisilofunga na vumbi likinasa kwenye gundi. Nakala moja ninayo bado, chembe nyekundu zinaonekana chini ya stika. Ila lililouma zaidi lilikuja baadaye. Mwanafunzi mwenzetu alikuwa ameandika makala nzuri sana toleo la kwanza kuhusu maji ya bwawa la Hombolo. Walioitafuta kwa jina jipya la jarida hawakuipata. Kwenye orodha za maktaba ilibaki peke yake, chini ya jina la jarida lililotoka mara moja tu.

Jina letu litafupishwaje kwenye marejeleo?

Kuna kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 4 inayofupisha maneno ya majina ya majarida. Jina la neno moja halifupishwi, linabaki lilivyo. Sababu nyingine ya kupenda neno moja.

Mlezi wetu hapendi jina tulilochagua. Tufanyeje?

Nendeni wawili, si kumi, na mwende ofisini kwake, si kwenye grupu. "Shikamoo mwalimu, tumekuja kukusikiliza kuhusu jina." Kisha msikilizeni kweli. Walezi wana kumbukumbu ambazo hatuna: anaweza kujua kikundi cha zamani kilichotumia jina hilo kikaishia kwenye ugomvi. Akisema tu kwamba halina hadhi, mwonyesheni *Mulika* na *Busara*, na muacheni na karatasi yenye uchunguzi wenu. Wengi hubadilika wakiona mmefanya kazi. Akishikilia, chukueni jina la pili kwenye orodha. Jarida bila mlezi Tanzania halifiki toleo la tatu.

Tumeshatoa toleo moja na jina ni baya. Tubadilishe?

Kama ni toleo moja, badilisheni sasa, ombeni namba mpya, na kwenye ukurasa wa kwanza wa kila toleo litakalofuata andikeni jarida hili liliitwaje mwanzo. Kama ni matoleo matano na watu wanalinukuu, vumilieni jina, mfanye kazi kwenye makala.

Kuna jaribio la mwisho kabla ya kulitangaza?

Lipo moja ninalolipenda. Mpigieni simu mtu wa steshenari mnayoitumia, mahali penye kelele za bodaboda, mumwambie: "Kaka, tunaleta kazi ya kuchapa, faili linaitwa hivi." Msimtajie herufi. Kisha nendeni mkaangalie ameandika nini kwenye daftari lake la oda.